Mwenyekiti wa Mtandao Usio na Mwenyekiti

3 Machi, Jumatatu

Asubuhi iliharibika kabla sijamaliza chai. Juu ya paa la Thuranira kuna kitu kinang'aa. Kidogo, cheupe, na kando yake kipande cha sola. Jana hakikuwepo. Nikamwambia Kajuju, mke wangu, kwamba jirani amenunua king'amuzi kipya ili tumwonee wivu, na mimi siwezi kumwonea mtu wivu kwa kitu kidogo hivyo. Nikatoka nje kukitazama. Nikarudi. Nikatoka tena.

Kajuju akasema si king'amuzi, ni mtandao. Aliongea bila kuinua macho, anachambua mboga. Eti Mukiri wa Gladwell, yule aliyesomea mambo ya kompyuta Embu, amerudi nyumbani na anawawekea watu visanduku juu ya nyumba. Kisanduku kinarushia ujumbe kwa kisanduku cha jirani, nacho kwa kingine, mpaka ufike. Watu wameuita Paa kwa Paa. Hakuna kampuni katikati. Na hakuna majina! Kila mtu anachagua jina la kubuni, na ujumbe ukishatoka haijulikani umetoka kwa nani.

Nikamuuliza kwa nini mtu mwenye jina zuri alifiche. Akanikumbusha Ireri. Ireri ni dalali wa ndizi kutoka Embu, na yumo kwenye lile kundi letu la simu, anasoma kila neno. Ukilalamika pale kwamba amekupunja, wiki inayofuata lori lake linapita shamba lako kana kwamba hulimi kitu. Kwa hivyo watu wa hapa kwetu Mitunguu wamejifunza kunyamaza. Kwa huu mtandao kila mmoja atasema bei aliyopewa, na Ireri hatajua amnunie nani.

Wazo zuri. Zuri sana, ndiyo maana limeniuma. Mimi Kaimenyi nimekuwa mwenyekiti wa vikundi saba hapa kwetu. Vyote vimekufa, kweli, lakini hakuna hata kimoja kilichokufa bila mwenyekiti. Kwa nini sikuambiwa?

Nikaenda kwa Gladwell, nikamkuta Mukiri ameshika koleo na nyaya. Nikamuuliza mwenyekiti ni nani. Akasema hakuna. Katibu? Hakuna. Mweka hazina? Akacheka. Akasema, "Hapana Baba Kinoti, hii ni yetu sote. Kila mtu na paa lake." Nimerudi nyumbani nikiwaza. Kiti kikikaa kitupu si kwamba hakina mwenyewe. Kinamngoja.

4 Machi, Jumanne

Mungu hamtupi mja wake! Leo wamekuja wenyewe mpaka mlangoni, Mukiri na Thuranira. Thuranira amebeba mkungu wa ndizi za kuiva wa kumpa Kajuju. Huyu mtu hajui kuingia kwa watu mikono mitupu. Tulisoma dawati moja, na hata wakati ule mzigo wake wa kuni za mwalimu ulikuwa mkubwa kuliko wangu.

Wakaeleza shida. Visanduku vya upande wa chini vinaonana. Vya upande wa juu vinaonana. Lakini vya chini na vya juu havionani kwa sababu ya mwinuko, na juu ya mwinuko kuna nyumba moja tu. Yangu! Na huko juu ndiko anakokaa Karwirwa, mama anayeshika ufunguo wa valvu kubwa ya maji yetu ya kunyunyizia. Simu kwake haishiki mpaka apande juu ya jiwe kubwa lililo nyuma ya boma lake, na mama wa umri ule hawezi kukaa juu ya jiwe kutwa nzima akingoja kuambiwa fungua, funga. Bila paa langu, mtandao ni nusu mbili.

Nilitaka kurukaruka. Badala yake nikakohoa. Nikasema nitafikiria. Nikauliza kama hawajawahi kuona haja ya mwenyekiti. Mukiri akasema hapana. Mlezi? Hapana. Nikasema basi kisanduku changu kiwe kikubwa kuliko cha Thuranira. Akasema vyote vimetoka katoni moja. Nikasema basi nisimamishe mlingoti, mrefu. Akasema hauhitajiki, nyumba yenyewe iko juu. Hapo Thuranira akaingilia, akasema si neno, mwachieni Baba Kinoti mlingoti wake. Nani alimwomba anitetee?

Nimekubali. Kajuju amefurahi, lakini yeye anawaza miche. Nyuma ya nyumba ana kitalu cha migomba ya muraru, ile ndizi ya zamani, uzao wa mgomba wa marehemu mama yake. Kwenye mashamba ya hapa imebaki kwetu tu. Amelea machipukizi kwa miaka, akiyapanda kwenye vifuko, mpaka sasa ana miche ya kugawia watu wa juu na wa chini mvua ikianza. Hataki mgomba wa mama yake upotee duniani. Hata mimi sitaki. Watu watakula, watauliza ndizi tamu hivi ni za nani, na wataambiwa ni za Kaimenyi.

6 Machi, Alhamisi

Nimekata mti wangu wa mukima, ule niliouweka kwa ajili ya ghala. Kisanduku cha Thuranira kimekaa kwenye fito fupi. Najua kwa sababu nilikwenda kumsalimia nikaipima kwa macho. Mlingoti wangu umemeza fito yake mara nne.

Mukiri alipanda, akafunga kisanduku, akashuka, akasema upepo utausumbua. Nikamwambia upepo wa Mitunguu na mimi tunajuana. Baada ya chakula cha mchana ukaanguka juu ya banda la kuku. Jogoo amepoteza mkia wote. Kajuju alicheka mpaka akakaa chini. Na ni nani aliyekuja mbio na kamba, akausimamisha upya, akaufunga waya pande tatu, akakataa hata chai? Jina lake silitaji. Wino ni wangu.

Halafu likaja jambo baya zaidi. Nikamuuliza Mukiri, jumbe zinazopita kwangu nitazisomea wapi? Akasema hazisomeki. Zile za ubao wa wote kila mtu anaziona, lakini za mtu kwa mtu zimefungwa, na anayeweza kuzifungua ni yule aliyeandikiwa. Kisanduku changu kinapokea na kupitisha tu. Yaani nibebe maneno ya Thuranira juu ya kichwa changu, mchana na usiku, bila kujua anasema nini! Punda naye hunusa mzigo wake.

Alipoondoka nilipanda ngazi, nikakifungua kisanduku kwa kisu cha jikoni. Ndani kuna taa tatu za kijani zinakonyeza. Nikaweka sikio. Hakuna kitu.

7 Machi, Ijumaa

Mtandao umefunguliwa leo. Hakuna utepe, hakuna maombi, hakuna hotuba. Na hotuba nilikuwa nayo mfukoni!

Mukiri alitueleza kuhusu ubao. Unaandika kwenye simu yako, kila mtu anasoma, hakuna anayejua ni wewe. Alirudia: bila jina, jamani, bila jina. Basi wa kwanza kuandika akawa Gladwell, mama yake mzazi. Nanakili: "Bwana asifiwe. Kwa majina naitwa Gladwell, mama Mukiri, kutoka hapa chini karibu na mnada wa mbuzi, nimeokoka. Sitaki kujulikana, lakini huyu Ireri amenipunja." Wa pili alikuwa mzee Nyamu. Akataja jina, ukoo, kanisa, na jina la chifu wake. Wa tatu vilevile. Kufika jioni ubao wa siri ulikuwa na majina mengi kuliko orodha ya harusi.

Ni malezi. Sisi tangu shule ya Jumapili tumefundishwa kwamba mtu hafungui mdomo mbele ya watu kabla hajajitambulisha. Hata ukiuliza njia, kwanza unasema wewe ni wa nani. Mukiri alishika kichwa. Akatuita kwa Gladwell, akaomba kila mmoja afute ujumbe wake, akatufundisha upya: chagua jina la kubuni, ruka salamu, anza na neno lenyewe. Nilicheka kuliko wote. Nilimcheka Gladwell mpaka akaninyima uji.

Jina langu nimechagua Simba wa Mwinuko. Nimepita sokoni kuwaambia watu wote, ili wajue wanaongea na nani.

8 Machi, Jumamosi

Kuna mtu anajiita Kuku Mweupe.

Jana aliandika maneno machache tu. Alitaja bei aliyopewa na Ireri, akauliza wengine walipewa ngapi. Wakajibu. Kumbe kila mtu alikuwa amedanganywa uongo wake! Huyu aliambiwa soko la Nairobi limeanguka, yule akaambiwa barabara imekatika. Kuku Mweupe akasema basi tutaje bei moja. Kisha, kana kwamba hilo halitoshi, akaeleza namna ya kunasa fukusi wa migomba kwa vipande vya shina lililopasuliwa, akamalizia na kichekesho. Leo kwenye kisiagi cha mahindi hakuna hadithi nyingine. Kuku Mweupe amesema hivi, Kuku Mweupe amesema vile.

Simba wa Mwinuko aliandika insha nzima juu ya uongozi bora. Lilikuja jibu moja. Liliuliza kama miche ya muraru iko tayari.

Kuku Mweupe ni Thuranira. Nani mwingine? Kuku wake wote ni weupe. Nikamwambia Kajuju hivyo. Akasema pengine. Alikuwa ameinamia simu yake, vidole vinakimbia, anatabasamu peke yake. Akasema anamjulia hali dada yake wa Timau. Dada yake siku hizi anajuliwa hali sana.

9 Machi, Jumapili

Kanisani nilitoa ushuhuda. Nilisimama vizuri, koti la kijivu limepigwa pasi. "Bwana asifiwe! Na tena asifiwe! Kwa majina naitwa Kaimenyi wa Mwinuko, baba Kinoti, nimeokoka na ninampenda Bwana!" Hapo sijaanza bado. Mchungaji akanionyesha mkono niketi, eti tuwape na wengine nafasi. Thuranira alisimama, akamshukuru Mungu kwa mvua iliyo njiani, akaketi. Makofi!

Baada ya ibada habari ilikuwa moja. Ireri alikuja jana na lori, akakuta kila shamba linataja bei ileile. Akajaribu chini, akajaribu juu, akajaribu kwa mjane mmoja ambaye Ireri amezoea kumpunja. Ileile. Mwishowe akanunua, na akasema asante. Watu walikuwa wanakumbatiana pale uwanjani. Gladwell akasema Mungu ambariki Kuku Mweupe popote alipo, na wote wakaitikia amina. Mimi nikamtazama Thuranira. Alikuwa anatabasamu. Kajuju pia alikuwa anatabasamu, lakini yeye ana moyo mwepesi.

Mchana Kuku Mweupe ameandika kichekesho kipya. Kinahusu mwanamume aliyesimamisha mlingoti wa kushindana na jirani, na jogoo wake akabaki bila mkia. Thuranira ananichungulia mpaka kwenye banda la kuku! Nilimpelekea Kajuju asome. Alicheka kwanza, halafu akakumbuka kukasirika.

11 Machi, Jumanne

Haya, ni wivu. Naandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma. Namwonea Thuranira wivu. Kwa sababu ya kisanduku, kwa sababu ya makofi, kwa sababu ya majogoo yake yenye mikia. Nikimwona anapita najihisi kama mtu aliyesahauliwa kwenye mwaliko. Nimekunywa maziwa, haijasaidia.

Lakini nimepata dawa. Kama mtandao hautaji majina, basi mtu anaweza kuangushwa bila aliyemsukuma kujulikana! Nimetunga ujumbe. Nimejigeuza mama wa upande wa chini, mnyenyekevu, mwenye sauti ya upole. Nimesema kuna mwanamume fulani wa kuku weupe ambaye ikifika zamu ya wenzake ya maji, yeye hufungua bomba lake polepole na kujinyweshea shamba. Ni uongo? Si uongo wote. Mtu anayefanya hivyo yupo. Ni mimi. Lakini ni kidogo tu, kwa ajili ya miche, na miche ni kama watoto.

Nilikuwa makini. Jina la Simba nimeliweka kando, nimefungua jingine, Mama Mnyonge. Neno "mwenyekiti" nimelifuta kila lilipochomoza. Nimeanza kwa adabu kama mtu aliyelelewa kanisani, nikamaliza kwa mstari wa Zaburi. Nikabonyeza. Leo nitakula vizuri.

12 Machi, Jumatano

Usaliti! Kufika kisiagi watu wakanipisha. Mzee Nyamu akavua kofia, akanipa mkono, akasema, "Habari yako, Mama Mnyonge." Walicheka mpaka mwenye mashine akaizima ili naye apate nafasi ya kucheka. Niliacha gunia la mahindi palepale nikarudi nyumbani.

Nikamwambia Kajuju mtandao umevuja, Mukiri ametuuza, hakuna siri tena Meru nzima. Akachukua simu, akanitolea ujumbe wangu, akaniambia nisome. Nikasoma. Ni mzuri. Akaniambia nisome mstari wa kwanza. Nikausoma. Unasema: Bwana asifiwe, kwa majina naitwa Kaimenyi wa Mwinuko, baba Kinoti, nimeokoka na ninampenda Bwana.

Nikamwambia huo si ujumbe. Hiyo ni salamu! Tangu lini salamu ikawa ushahidi? Ujumbe unaanza baada ya hapo, na baada ya hapo mimi ni mama. Kajuju akaenda kukamua mbuzi.

Thuranira hakukasirika, na hilo ndilo limenimaliza. Angekuja na panga ningemheshimu. Alipita njiani akasema, "Baba Kinoti, salamu zimefika," akaendelea na safari yake, anapiga mluzi. Na Kuku Mweupe akaandika ubaoni kwamba Jumapili Mama Mnyonge avae lile koti la kijivu, linampendeza.

Nikapanda ngazi. Nikachomoa waya. Taa za kijani zikazimika moja baada ya nyingine. Betri yake nimeishusha, nimeifunga kwenye redio yangu. Sasa watajua kama mtandao una mwenyekiti au hauna!

13 Machi, Alhamisi

Nimekaa barazani tangu asubuhi, nimevaa viatu, nangoja kubembelezwa. Redio inalia vizuri sana.

Mukiri alikuja peke yake. Akasema upande wa juu umepotea. Nikasema kisanduku kinaumwa. Akaomba apande akitazame. Nikasema kinahitaji kupumzika, na kwa maoni yangu kitapona siku kamati itakapoundwa. Aliniangalia vile watoto wa siku hizi wanavyoangalia, akasema kwa upole kwamba Karwirwa anakitegemea kujua mambo ya maji, na siku hizi ameacha kwenda kwenye jiwe. Nikasema jiwe bado lipo.

Kajuju aliyasikia yote kutoka jikoni. Alitoka akanieleza kwamba bomba kubwa linapita juu ya kitalu chake, kwamba kiungo chake kimeanza kulegea, na kwamba kama kuna kitu anachoniomba tangu tuoane ni hiki, nikiwashe kisanduku. Nikamwambia wasipokuja leo watakuja kesho. Bado siku moja tu.

14 Machi, Ijumaa

Bomba limepasuka.

Tulikuwa tunakunywa chai. Kulisikika mlio, halafu maji. Kiungo kilikuwa kimeachia kabisa, na maji mekundu kwa udongo yanashuka moja kwa moja kwenye kitalu. Miche ikaanza kuelea na vifuko vyake. Kajuju alipiga mayowe ambayo sijawahi kuyasikia kwake. Nikatoa simu nikaandika ubaoni: KARWIRWA FUNGA MAJI. Kiduara kikazunguka. Nikaandika tena. Kinazunguka. Nimesimama kwenye maji mpaka magotini, naulaani mtandao huu mbovu, nauliza kwa sauti ni mpumbavu gani ameuzima. Kajuju akanitajia.

Nikapanda ngazi. Betri iko kwenye redio. Nikashuka. Nikaichomoa, nikapanda nayo, nikakosea waya, nikaona cheche. Kutoka juu nikawaona wanapanda mwinuko mbio na majembe. Gladwell, mzee Nyamu, Mukiri, wengine nyuma, na mbele yao Thuranira. Walikuwa wamesikia mayowe. Hakuniuliza kitu. Alipanda, akazichukua nyaya mkononi mwangu taratibu kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akaunganisha. Taa tatu zikawaka. Ujumbe wangu ukaondoka. Haikupita muda maji yakapungua, yakakatika. Karwirwa alikuwa ameupata.

Chini walikuwa wameshachimba mfereji wa kuyageuza. Nusu ya miche imekwenda na maji mpaka korongoni. Nusu imebaki. Kajuju alikuwa amepiga magoti kwenye tope, anaokota mmoja mmoja, anafuta majani kwa pindo la leso. Hakulia. Kila mche alioushika aliuambia kitu kwa Kimeru, kwa sauti ya chini, vile mama yake alivyozoea kuongea na migomba.

 Niliona nilichofanya, na nilikiona chote. Nilitaka kwenda kumwambia pole. Nilishuka ngazi, nikapiga hatua, neno liko mdomoni kabisa. Thuranira akawahi. Akasema, "Pole sana, Mama Kinoti." Na aliisema vizuri! Neno langu mwenyewe, nimelibeba kutoka juu ya paa, na yeye amelisema kwanza. Nikarudi nikakaa kwenye ngazi.

16 Machi, Jumapili

Kajuju alisimama kanisani. Hakujitambulisha. Aliwaomba majirani wasingoje mvua, wachukue miche iliyobaki leo leo, kila nyumba mmoja, ya juu na ya chini. Akasema hivyo visanduku vimemfundisha kitu: kitu cha watu kikikaa kwa mtu mmoja, siku mtu huyo akinuna kimekwisha. Kanisa zima liligeuka kuangalia upande wetu. Nadhani alikuwa anamsema Ireri.

Mchana walikuja na vikapu na karai, mpaka kitalu kikabaki udongo mtupu. Kajuju alikuwa akimwambia kila mmoja jina la mama yake. Hakuna aliyesema ni ndizi za Kaimenyi. Thuranira alichukua mche mdogo kuliko yote, ule uliovunjika jani, akasema huo ataulea. Kila mtu akasema aa, jamani. Mimi nilikuwa nimeuona mche huo kwanza.

Na bado! Mukiri ameweka kisanduku kingine juu ya lile jiwe la Karwirwa, ili chini na juu waonane hata bila nyumba yangu. Eti nisibebe mzigo peke yangu. Kilichohitajika ni mlingoti mrefu kuliko wa kawaida, na Kajuju akawapa wangu. Mukima wangu! Wameung'oa mbele ya macho yangu wakaubeba kwa kuimba. Umesimama pale juu, hautikisiki, unaonekana mpaka mnadani. Watu wanauita mlingoti wa Karwirwa. Karwirwa, ambaye hata shoka hana.

Hili haliwezi kupita hivihivi. Mimi mwenyewe sitasema, nitaonekana najisifu. Lazima aseme mtu asiyejulikana. Nimefungua jina jipya, Mama Mpole. Safari hii nimekuwa makini mara mbili. Nimejifungia chooni ili Kajuju asione. Nimeandika polepole, nimesoma kuanzia mwanzo mpaka mwisho, nimetoa kila kitu kinachoweza kunitambulisha. Hata Zaburi nimeitoa, kwa sababu nahisi ndiyo iliyoniponza mara ile. Nanakili hapa mwanzo wake kabla sijabonyeza:

"Bwana asifiwe, na tena asifiwe. Kwa majina naitwa Kaimenyi wa Mwinuko, baba Kinoti, nimeokoka na ninampenda Bwana. Mimi ni mama mmoja wa huku chini ambaye hataki kabisa kujulikana."